Nani Alikula Hongo ya Njia? Makabaila wa Japani, Watemi wa Ugogo na Gari Moshi

Utangulizi

Nilikuwa narudi chuoni Dodoma kutoka Dar es Salaam ndani ya treni ya umeme, ile ambayo watu wameibatiza Mchongoko kwa sababu ya pua yake. Tulikuwa tumeshapita Gulwe. Mzee mmoja Mgogo wa Mvumi alikuwa amekaa dirishani. Tulianza kuzungumza tangu Morogoro, nilipomwamkia "Mbukwa, babu" naye akafurahi kuona kijana anajua kuamkia. Sasa akanyoosha kidole kwenye nyika ya mibuyu na miiba akasema, "Mjukuu wangu, unaona huko? Huko ndiko babu zetu walikokula hongo."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Dada mmoja akadakia, "Kumbe rushwa ilianza zamani, babu!" Mzee hakucheka. Alisema tu, "Siyo hiyo hongo mnayoijua nyie," kisha akageukia dirisha lake.

Maneno ya mzee huyo ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Nia yangu ni kulihakiki neno moja, yaani hongo, kama tunavyohakiki shairi au riwaya: nani analisema, analisema kuhusu nani, na kwa masilahi ya nani. Ili jambo hilo lionekane vizuri nitalinganisha wakubwa wa zamani wa nchi mbili, watemi wa Ugogo na makabaila wa baraza la mfalme wa Japani. Msomaji anaweza kuuliza, Japani imeingiaje hapa? Imeingia kwa sababu makundi yote mawili yalikutana na gari moshi katika muda usiozidi miaka 40 hivi, na kila kundi lilitoka na fungu lake. Makabaila wa Japani walitoka na hisa za reli na, baadaye, hata jina juu ya ubavu wa treni. Watemi wa Ugogo walitoka na neno ambalo leo ni tusi.

Hongo kabla ya reli

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Ukishatoka Mpwapwa na kulipita eneo la Chunyo, ulikabiliwa na nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali. Ukinusurika hapo uliingia Mvumi, na kutoka Mvumi ulipita katika nchi ya mtemi mmoja baada ya mwingine hadi kufika Mgunda Mkali upande wa magharibi. Kila mtemi alidai chake: doti za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Mazungumzo ya kupatana yaliweza kuchukua siku kadhaa huku wapagazi wakisubiri. Magomba, mtemi wa Kanyenye, alipitiwa na Burton na Speke mwaka 1857, na Stanley naye akamkuta mwaka 1871, akiwa mzee sasa lakini bado anadai hongo yake.

Je, mtemi alikuwa anauza nini? Jibu ni maji. Ugogo ni nchi ya mvua chache, na mito yake mingi ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Visima na malambo yalichimbwa na kutunzwa na wenyeji. Msafara wa mamia ya watu uliopiga kambi kwa siku 3 uliweza kukausha maji ya mifugo ya kijiji kizima. Zaidi ya hapo, mtemi hakuwa mtoza ushuru tu. Yeye ndiye aliyetunza mawe ya mvua na kusimamia matambiko ya nchi yake. Mvua isipokuja, aliyeulizwa ni yeye. Kwa hiyo anayekunywa maji ya nchi hiyo alitakiwa kumtambua mwenye dhamana ya maji hayo. Hongo, kwa maana hiyo, ilikuwa fungu la mwenyeji katika mali inayopita kwake.

Sasa tumtazame msimulizi. Habari nyingi za hongo tulizonazo katika maandishi zimetoka kwa Burton, Speke, Stanley na wasafiri wengine wa aina yao. Wote walikuwa walipaji. Ni nani amewahi kumsifu anayemdai? Vitabuni mwao mtemi ni mlafi, mlevi, mnyang'anyi wa njiani. Lakini wasafiri haohao walijua kabisa kwamba Sultani wa Unguja alitoza ushuru wa forodha kwa bidhaa za pwani, na ushuru huo waliuita ushuru. Tofauti ya forodha ya Sultani na hongo ya Magomba haikuwa katika tendo lenyewe. Mmoja alikuwa na jengo, karani na daftari. Mwenzake alikuwa na kisima, wazee na mikuki. Mhakiki makini hawezi kuuchukua mtazamo wa msimulizi wa aina hii kama ndio ukweli wa jamii anayoisimulia.

Hata hivyo, tusiwafanye watemi kuwa malaika. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na baadhi yake ilisindikiza watumwa, na hongo ilipokelewa vilevile. Wala hongo haikuwa na kiwango kimoja kilichoandikwa mahali. Mgeni aliyeonekana kuwa na mali nyingi alikamuliwa zaidi. Na doti zilizofika kwa mtemi hazikugawanywa sawa kwa kila mtu aliyechimba kisima. Watemi nao walikuwa wakubwa, na wakubwa hula kwanza.

Makabaila wa Kyoto wanunua reli

Upande wa pili wa dunia kulikuwa na wakubwa wa aina nyingine. Mji wa Kyoto ulianza kuwa makao ya wafalme wa Japani mwaka 794, na kuuzunguka ufalme huo kulikuwa na koo za makabaila wa baraza walioitwa kuge. Hawa walikuwa watu wa vyeo, mavazi, hati nzuri na mashairi. Nguvu halisi ya utawala iliwaponyoka karne nyingi zilizopita, ikachukuliwa na mabwana wa vita. Chini ya utawala wa ukoo wa Tokugawa, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 17, kuge wengi walibaki na majina makubwa na mifuko myembamba. Hata vizuizi vya njia kuu, kama kile cha Hakone ambako msafiri alikaguliwa hati zake, vilikuwa mikononi mwa serikali ya Tokugawa, si mikononi mwa Kyoto.

Mwaka 1868 utawala wa Tokugawa uliangushwa na Mfalme Meiji akarudishwa mbele. Mwaka uliofuata kuge waliunganishwa na mabwana wa majimbo, daimyo, kuwa tabaka moja la makabaila lililoitwa kazoku. Vizuizi vya njia navyo vilifutwa mwaka huohuo wa 1869. Miaka 3 baadaye, Oktoba 1872, Mfalme Meiji mwenyewe alihudhuria ufunguzi rasmi wa reli ya kwanza, kati ya Shimbashi jijini Tokyo na Yokohama.

Hapa ndipo panaponivutia. Makabaila hawa walikuwa wakilipwa ruzuku ambazo asili yake ilikuwa mpunga wa mkulima. Mwaka 1876 serikali iliamua kukomesha ruzuku hizo na kuwapa badala yake hati za dhamana zenye riba. Ungetegemea wazitafune hati zile hadi ziishe. Wapo waliofanya hivyo. Lakini mtu mmoja, Iwakura Tomomi, ambaye mwenyewe alikuwa kuge wa Kyoto, aliwahimiza wenzake waunganishe mali yao. Mwaka 1877 ikaanzishwa Benki ya Taifa ya Kumi na Tano, ambayo watu waliijua kama benki ya makabaila. Mwaka 1881 ikaundwa Kampuni ya Reli ya Japani, kampuni binafsi ya kwanza ya reli nchini humo, na sehemu kubwa ya mtaji wake ilitoka kwa tabaka hilo. Serikali iliwawekea dhamana ya faida ya asilimia 8. Mwaka 1891 reli yao ilifika Aomori, ncha ya kaskazini ya kisiwa kikuu.

Kwa kusema kweli, kuge wengi walikuwa maskini mno kuweza kutoa fedha nyingi. Mifuko mizito ilikuwa ya daimyo. Lakini kilicho muhimu kwetu ni mwenendo wa jambo lenyewe. Mpunga wa mkulima ulikuwa ruzuku ya kabaila, ruzuku ikawa hati, hati ikawa hisa, na hisa ikawa reli. Kabaila aliyekaribia kuwa kitu cha makumbusho akageuka bwanyenye mwenye mabehewa. Na serikali ilipotaifisha reli kuu kwa sheria ya mwaka 1906, iliwalipa wenye hisa. Tabaka lenyewe lilifutwa na katiba ya mwaka 1947, lakini kwa zaidi ya nusu karne lilikuwa limekula matunda ya mabadiliko yaliyopaswa kulizika.

Mkulima aliyelima mpunga ule hakuulizwa. Hilo tulikumbuke tutakaporudi nyumbani.

Reli yafika Dodoma

Sasa turudi Ugogo. Katika miaka ya 1890 utawala wa Wajerumani, ukiwa na boma Mpwapwa na baadaye Kilimatinde, ulikomesha hongo za watemi kwa nguvu ya bunduki. Lakini je, malipo ya wenye nguvu yalikoma? La hasha! Kabla karne haijaisha, kodi ya nyumba ilikuwa imeshaingia. Aliyekuwa anapokea kutoka kwa wapita njia sasa alitakiwa kutoa kwa ajili ya kuishi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hii haikuitwa hongo, iliitwa kodi.

Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Kampuni iliyoimiliki ilianzishwa na mabenki ya Ujerumani yakiongozwa na Deutsche Bank, na serikali ya Ujerumani iliwawekea wenye mtaji dhamana, kama ile ya Japani. Ukitazama karatasi tu, utaona mipango miwili inayofanana sana. Tofauti ni nani alikaa mezani. Mezani Tokyo alikaa Iwakura, mtoto wa baraza la Kyoto. Mezani Berlin hakukaa mtemi wa Mvumi wala wa Kanyenye. Maji yao, ardhi yao na njia iliyokanyagwa na misafara yao havikuhesabiwa kuwa mtaji.

Ndiyo maana siwezi kuukubali ule msemo wa vitabu vya shule kwamba reli "ilifungua" Ugogo. Ugogo ulikuwa wazi siku zote, ila mlango wake ulikuwa na mwenyewe. Reli iliuhamisha mlango.

Matokeo yake yalionekana haraka. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, yaliyoingia Dodoma Julai 1916, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulipoongezeka juu ya hayo, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Watu wengi walikufa na wengine walihama. Reli ilikuwa hapohapo. Katika nchi ya njaa, chombo chenye uwezo wa kuleta chakula kilikuwa kimeshatumika vitani, na wenyeji hawakuwa na sauti juu ya nini kipakiwe na nini kipakuliwe.

Waingereza kwa upande wao waliwarudisha watemi kwa mlango wa nyuma. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 iliwafanya machifu kuwa watumishi wa utawala: wakusanye kodi, waamue kesi ndogondogo. Jina lililovuma kuliko yote hapa ni la Mtemi Mazengo wa Mvumi. Kisha Uhuru ukaja, na mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa. Serikali ya taifa changa ilikuwa na sababu zake, na mimi sidai watemi warudishwe. Nasema tu kwamba kati ya mwaka 1890 na 1963 watemi waliondolewa mara mbili, na katika mara zote mbili hakuna hati ya dhamana iliyoandikwa wala hisa iliyogawiwa. Kilichobaki ni neno hongo, nalo liliendelea kuishi midomoni mwa watu likiwa limepoteza haki iliyokuwa ndani yake. Haki ikitolewa ndani ya neno, kinachobaki ni mkono ulionyooshwa, na mkono ulionyooshwa bila haki ndiyo rushwa.

Jina juu ya treni

Wanafunzi wa fasihi tunajua kwamba jina halitolewi bure. Japani ilizindua treni yake ya mwendokasi kati ya Tokyo na Osaka tarehe 1 Oktoba 1964. Treni zenyewe zilipewa majina ya Kijapani cha asili: Hikari, yaani nuru, na Kodama, yaani mwangwi. Mwaka 1992 ikaongezwa Nozomi, yaani tumaini. Mwaka 1982 ilifunguliwa ile ya kuelekea kaskazini, ikifuata kwa jumla mwelekeo wa reli ya zamani ya makabaila. Na mwaka 1997 katika njia hiyo ilianza treni ya kwenda Akita iitwayo Komachi.

Komachi ni nani? Ono no Komachi alikuwa mwanamke mshairi wa karne ya 9, wa mazingira ya baraza la Kyoto, aliyetunga mashairi mafupi ya silabi 31 kuhusu mapenzi na kuchakaa kwa uzuri. Watu wa Akita husimulia kuwa alizaliwa kwao. Hivi sasa, zaidi ya miaka 1,000 baada yake, treni inayoweza kukimbia kilomita 320 kwa saa inabeba jina la bibi ambaye katika maisha yake chombo cha fahari kilikuwa mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe. Mtoto wa Akita anayesubiri stesheni anajifunza jina la mshairi kabla hajajua kusoma shairi lake.

Na sisi je? Treni zetu za umeme zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, zikafika Dodoma Julai mwaka huohuo, na kuzinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti. Stesheni kuu zimepewa majina ya marais. Sina ugomvi na hilo. Kila zama huandika jina lake. Treni yenyewe wananchi wameiita Mchongoko, na jina hilo ni zuri kwa sababu limetoka kwao. Lakini tazama: kabla hujaingia mjini Dodoma unapita upande wa Ihumwa. Huko ndiko alikozaliwa, mwaka 1917, Mathias Mnyampala, mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili, aliyeipa ngonjera umaarufu wake. Mgogo huyu ndiye pia aliyeandika kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Ina maana kwamba hadithi ya Ugogo ilikuwa imeshapata msimulizi wa ndani, asiyekuwa mlipaji wa hongo. Treni inampita kijijini kwake, na abiria wengi, wakiwemo wasomi wenzangu, hawajui wanapita kwa nani.

Hitimisho

Msomaji asidhani namalizia kwa kuomba majina tu. Jina bila fungu ni pambo. Komachi amepewa jina, lakini kabla yake makabaila walipata hisa, na nimeshasema mkulima wao wa mpunga hakupata chochote katika mpango ule. Tukiiga Japani kwa kuwatafutia wakubwa wetu wa zamani heshima, tutakuwa tumerudia kosa lilelile la kumsahau aliyechimba kisima.

Jambo linalonisumbua ni la karibu zaidi. Katika safari za utotoni kwa treni ya zamani, gari lilisimama Kintinku, Bahi, Kikombo, Igandu, na kila liliposimama madirisha yalijaa mikono: mayai ya kuchemsha, ubuyu, karanga, kuku wa kukaanga, zabibu za Dodoma. Akina mama wale hawakuwa watemi, lakini walikuwa wanakula kihalali fungu la mali inayopita kwao. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa hongo ya mwisho ya njia, iliyo safi kuliko zote kwa kuwa ilimfikia mchimba kisima mwenyewe. Treni mpya ina uzio pande zote na madirisha yasiyofunguka. Sina hamu ya kurudi kwenye safari ya usiku kucha; kufika Dodoma chini ya saa 4 ni neema, na usalama wa reli ya umeme unahitaji uzio. Lakini fungu lile limehamia wapi? Reli hii imejengwa kwa kodi na mikopo ya wananchi wote. Basi mwenye hisa ni nani, na mwananchi wa Igandu anapokea wapi gawio lake? Swali hili watemi walijua kuliuliza kila msafara ulipofika. Sisi tumeacha kuliuliza kwa sababu neno lake limechafuka.

Nawashauri wanafunzi wenzangu wa fasihi simulizi tuwafuate wazee wa Mvumi, Kanyenye na Mpwapwa tukiwa na madaftari, tuwaulize hongo ilikuwa nini, iligawanywaje, nani alinung'unika. Wanaokumbuka masimulizi ya babu zao wanapungua kila mwaka. Nami nakaribisha kukosolewa na atakayeona nimepotoka.

Tulipofika Dodoma nilimsaidia mzee yule kushusha kikapu chake. Nilimwomba radhi kwa kicheko cha kule ndani. Akasema, "Hamna shida, mjukuu. Ila siku ukija Mvumi usije mikono mitupu."

Nilicheka tena, safari hii pamoja naye. Bado sijaenda.